Aliyejaza Pengo ni Mwimbaji

Zoezi moja limeenea katika ufundishaji wa Kiingereza kiasi kwamba halihojiwi tena. Mwalimu anachagua wimbo unaopendwa, anaandika maneno yake ubaoni au kwenye karatasi, anafuta vitenzi vya wakati uliopita, halafu anaucheza wimbo mara mbili tatu huku wanafunzi wakijaza nafasi zilizo wazi. Darasa linachangamka. Hata yule wa nyuma asiyefungua mdomo mwaka mzima anaimba. Karatasi zinarudi zimejaa “went”, “saw”, “was” na “had”, alama ni nzuri, na kila mtu anaondoka akiamini kwamba wakati uliopita wa Kiingereza sasa umeeleweka. Kozi za mtandaoni zinauza ahadi hiyohiyo kwa maneno machache: sikiliza nyimbo, sarufi itakuja yenyewe. Wazazi wanaikubali, na walimu vijana wanaipenda kwa sababu inawatenga na wenzao wa kukaririsha majedwali ya vitenzi.

Ahadi hiyo haina msingi, angalau kwa jinsi inavyotekelezwa. Wimbo unaweza kumpa mwanafunzi maumbo ya vitenzi, na unaweza kumpa hamu ya kujifunza. Lakini hauwezi kumfundisha njeo, yaani kuchagua wakati wa kitenzi, kwa kusikilizwa tu, kwa sababu njeo ni uamuzi wa msemaji, na katika zoezi la kujaza mapengo uamuzi huo umeshafanywa na mwimbaji. Anayetaka nyimbo zifundishe wakati uliopita sharti amtoe mwanafunzi kwenye kuusikiliza wimbo na kumwingiza kwenye kuusimulia. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayoamua kama kipindi kimekuwa somo au burudani.

Tuanze na kile kinachodaiwa kufundishwa. Mtu aliyepoteza ufunguo anaweza kusema “I lost my key”, au “I have lost my key”, au “I had lost my key”. Sentensi zote tatu ni sahihi, na ufunguo uliopotea ni uleule. Anayesema ya kwanza anataja tukio lililokwisha na kufungwa, na huenda ufunguo ulishapatikana zamani. Anayesema ya pili yuko mlangoni sasa hivi, hawezi kuingia, na anaomba msaada. Anayesema ya tatu bado hajamaliza: anaandaa kutuambia jambo jingine lililotokea baadaye, na kupotea kwa ufunguo ni sababu yake. Kinachozitofautisha sentensi hizi ni mahali anaposimama msemaji anapolitazama tukio, na jinsi tukio hilo linavyohusiana na sasa au na tukio jingine. Anayejua kwamba “lose” huzaa “lost” amejua umbo. Anayejua lini aseme “have lost” na lini aseme “had lost” ndiye aliyejua njeo, na ni huyu ambaye shule inadai kumtengeneza.

Sasa tazama karatasi ya mapengo. Mwanafunzi hasimami mahali popote na kulitazama tukio lolote. Anachofanya ni kutega sikio, kusubiri sauti, na kuandika alichosikia. Akijaza “had”, hakuichagua, ameinakili. Kumpa alama ya njeo kwa kazi hiyo ni sawa na kumsifu mtu kwa upishi kwa kuwa amekitambua chakula alichopikiwa. Zoezi linapima sikio, na sikio ni kitu cha maana, ila tusilipe jina lisilo lake. Ushahidi tunao hapahapa kwetu. Kwa miongo mingi watu wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala wameimba nyimbo za Kilingala neno kwa neno, kuanzia enzi za Franco na bendi yake ya T.P. OK Jazz hadi wanamuziki wa leo. Wapo wanaoweza kujaza mapengo yote ya wimbo wa Kilingala bila kukosea hata moja. Waambie waseme kwa Kilingala kwamba jana walikwenda sokoni wakakuta duka limefungwa, na wengi wao watacheka. Wenzao wa visiwani na pwani walikua na nyimbo za filamu za Kihindi na wakabaki vilevile. Kama kusikiliza na kuimba kungetosha kuleta sarufi, Afrika Mashariki ingekuwa na mamilioni ya wasemaji wa Kilingala wasiopata kukanyaga Kinshasa.

Udhaifu wa pili umo ndani ya nyimbo zenyewe. Njeo inahitaji saa na tarehe, au angalau inahitaji tujue lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Nyimbo za pop hazipendi kusema hayo. Mwaka 1992 Tim Murphey alichapisha katika jarida la TESOL Quarterly uchambuzi wake wa nyimbo 50 za pop za Kiingereza. Alikuta lugha rahisi, ya kurudiarudia, iliyojaa “mimi” na “wewe” wasio na majina, na mara chache sana ikitaja lini au wapi. Murphey aliuona utupu huo kuwa ni faida, kwa maana kila msikilizaji anaweza kumweka mpenzi wake, mtaa wake na huzuni yake ndani ya wimbo. Kwa mazungumzo ya darasani hoja yake ina nguvu. Kwa njeo, utupu huohuo ni hasara tupu: mwanafunzi hawezi kujua kwa nini mwimbaji alichagua wakati uliopita wa kawaida badala ya hali timilifu (ile ya “have lost”) ikiwa wimbo haumwambii jambo lilitokea lini wala kama bado linaendelea.

Mfano unaotumiwa kuliko yote ni “Yesterday” wa The Beatles, wa mwaka 1965. Walimu huuchagua kwa jina lake tu, kwa kuwa kila kitabu cha sarufi kinasema neno hilo ni alama ya wakati uliopita wa kawaida. Lakini jana ya wimbo huo si siku ya kalenda. Ni jina la furaha iliyopotea, na wimbo unarukaruka kati ya ilivyokuwa na ilivyo, ukilitumia neno lilelile pamoja na vitenzi vya wakati uliopo. Mshairi ana haki yote ya kufanya hivyo, na wimbo ni mzuri kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeambiwa kwamba “yesterday” daima huandamana na kitenzi cha wakati uliopita anabaki na mambo mawili yanayopingana, na karatasi ya mapengo haimpi nafasi ya kuuliza.

Kuna pia suala la kipimo, yaani ni kitu gani hasa mwanafunzi anakirudia mara nyingi hadi kikamganda. Katika wimbo, kinachorudiwa ni kibwagizo. Beti hupita mara moja. Kenny Rogers, ambaye nyimbo zake zina wapenzi wengi mno nchini Kenya, alirekodi “The Gambler” mwaka 1978. Ni kisa kamili: msafiri wa treni anakutana usiku na mcheza kamari mzee, wanazungumza, mzee anatoa nasaha, na kabla ya kisa kwisha anafariki. Beti zake zinafaa sana kwa somo la wakati uliopita. Kibwagizo ni nasaha za mzee, na nasaha hizo ziko katika wakati uliopo: inakupasa ujue hili, usifanye lile. Watu walioupenda wimbo huo kwa zaidi ya miaka 40 wanakikumbuka kibwagizo hata usingizini, na wengi hawawezi kutaja mistari minne ya ubeti wa mwisho anapofia mzee. Kwa hiyo hata wimbo wa masimulizi, ambao ndio bora kwa kazi hii, unampa msikilizaji kiasi kikubwa cha wakati uliopo na kiasi kidogo cha wakati uliopita.

Watetezi husema basi angalau sikio linapata mazoezi ya matamshi. Hapa ndipo wakati uliopita unapoumia zaidi. Kiambishi “-ed” hutamkwa kwa namna tatu: kama “t” katika “walked”, kama “d” katika “loved”, na kama silabi kamili katika “wanted”. Namna mbili za kwanza zinaongeza konsonanti moja tu mwishoni mwa neno, na mara nyingi inakuwa konsonanti ya pili au ya tatu mfululizo. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo sikio letu halikulelewa kutafuta maana kwenye kishindo kidogo baada ya konsonanti nyingine. Sasa ongeza muziki. Mwimbaji huvuta irabu na kumeza konsonanti. Ngoma na gitaa hufunika kilichobaki. “Walked to” na “walk to”, zikiimbwa kwa kasi ya kawaida, haziachani kwa sikio la mgeni, na katika usemi wa kasi hata Mwingereza hutegemea muktadha kuzitenganisha. Vivyo hivyo “had” hubaki “d” nyembamba baada ya kiwakilishi, na “d” hiyohiyo ndiyo ufupisho wa “would”. Mwanafunzi anayejaza kwa kusikia anaambiwa atambue kitu ambacho hakikutamkwa. Akipatia, mara nyingi ni kwa sababu rafiki yake ameshaangalia maneno kwenye simu.

Na tukubali jambo ambalo sisi tuliolelewa na ushairi tulipaswa kulikumbuka kabla ya wengine. Mshairi wa Kiswahili ana uhuru wake, na uhuru huo una majina: inkisari anapofupisha neno ili mizani itoshe, mazida anapolirefusha, tabdila anapobadili irabu ili kina kikae, na kuboronga sarufi anapopindua mpangilio wa maneno. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayemfundisha mgeni mpangilio wa sentensi kwa tungo zenye vina na mizani, halafu akashangaa mgeni anaandika barua kinyumenyume. Watunzi wa nyimbo za Kiingereza wana uhuru uleule. Wakitafuta kina wanabadili njeo. Wakitafuta mdundo wanaangusha “have” na kubaki na “been” au “done” peke yake. Juu ya hapo wengi wanaimba kwa lahaja zao, ambamo “I seen” ni usemi wa kila siku wa watu wanaojua wanachosema. Wamarekani nao hutumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na “yet” na “already”, mahali ambapo Kiingereza cha Uingereza, kilichorithiwa na shule zetu, kinapendelea hali timilifu. Hakuna kosa katika hayo yote. Kosa ni la anayemkabidhi mwanafunzi sauti hizo kama kielelezo bila kumwambia ni za nani, kisha akamkata alama anapoziandika kwenye mtihani.

Pengine kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba zoezi hili haligusi mahali mzungumzaji wa Kiswahili anapokwama kweli. Sisi hatukosi wakati uliopita; tunao mwingi. Tunayo “-li-” na “-me-”, tunayo “-ka-” ya masimulizi, tunayo “alikuwa ameondoka” kwa tukio lililotangulia tukio. Tatizo ni kwamba mipaka yetu haipiti palepale ilipo mipaka ya Kiingereza. Kwa mazungumzo ya kawaida mtu anasema “amekuja jana” na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana tunasikia “he has come yesterday” hadi vyuo vikuu. Tunasema “amelala” na “amevaa shati jeupe” tukieleza hali iliyopo sasa, na Kiingereza kwa maana hiyo hakitumii hali timilifu hata kidogo. Lakini geuza sentensi iwe kanushi, na mpaka unaonekana waziwazi: “hajaja” ni jambo moja, “hakuja” ni jingine, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema “hajaja jana”. Tofauti ambayo mwalimu anahangaika kuieleza kwa majedwali, mwanafunzi anayo tayari kinywani mwake, imejificha kwenye ukanushi. Dakika kumi za kulinganisha “hajaja” na “he hasn’t come”, “hakuja” na “he didn’t come”, zinafanya kazi ambayo wimbo hauwezi, kwa sababu wimbo umetungwa na mtu asiyejua kwamba tatizo hili lipo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya kumbukumbu, na haifai kupuuzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Memory & Cognition, Karen Ludke, Fernanda Ferreira na Katie Overy waliwachukua watu wazima 60 wakawafundisha misemo ya Kihangari kwa dakika 15. Kundi moja lilirudia kwa kusema, la pili kwa kusema kwa mdundo, la tatu kwa kuimba. Walipotakiwa kuitoa tena misemo hiyo, walioimba walifanya vizuri zaidi ya wenzao. Matokeo hayo nayakubali bila shaka yoyote, na yanaendana na kile ambacho madrasa na makanisa yetu yamekijua siku zote kuhusu kasida na tenzi. Ila angalia kilichopimwa: ni misemo mizima, iliyokumbukwa jinsi ilivyofundishwa. Washiriki hawakutakiwa kuchagua kati ya njeo mbili katika sentensi ambayo hawajawahi kuisikia. Kwa hiyo utafiti huo unaunga mkono kutumia wimbo kukariri kwamba “break” huzaa “broke” na “broken”. Vitenzi visivyo na kanuni vinakaririwa tu, hakuna njia nyingine, na kama vitakaririwa basi na viimbwe. Mwalimu anayeishia hapo na kusema wazi kwamba ameishia hapo hana deni. Deni ni la anayeichukua faida hiyo ndogo na kuitangaza kuwa ni umilisi wa wakati uliopita.

Hoja ya pili husema kwamba mtoto hujifunza lugha ya mama bila majedwali, kwa kusikia tu, na kwamba mwanafunzi akisikia vya kutosha njeo zitajipanga zenyewe. Nadharia ya Stephen Krashen ya miaka ya 1980 kuhusu lugha inayoingia na kueleweka imewapa watetezi hawa ujasiri. Lakini mtoto mwenyewe anawakanusha. Roger Brown, katika kitabu chake A First Language cha mwaka 1973, alifuatilia watoto watatu wa Kimarekani na akakuta kwamba maumbo kama “went” na “broke” yalitangulia kiambishi “-ed”. Kisha, kama kila mzazi wa Kiingereza anavyojua, mtoto huanza kusema “goed” na “breaked”, maneno ambayo hakuna mtu mzima aliyemwambia wala wimbo uliomwimbia. Ameyatengeneza mwenyewe alipokuwa anataka kusema jambo lake, na kwa kuyatengeneza amejithibitishia kanuni. Upande wa wanafunzi wa lugha ya pili, Merrill Swain mwaka 1985 aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Walikielewa vizuri sana, lakini sarufi yao walipozungumza na kuandika ilibaki nyuma, vitenzi vikiwemo. Kama miaka ya kusikia masomo mazima kwa Kifaransa haikutosha, dakika nne za wimbo zitatoshaje? Jibu la Swain lilikuwa kwamba mwanafunzi lazima asukumwe kutoa lugha, hadi agundue mwenyewe pale anapopungukiwa.

Zipo na hoja mbili za kivitendo. Ya kwanza ni hofu: mwanafunzi wetu anaogopa kuchekwa akikosea Kiingereza, na wimbo unamfungua. Ni kweli, na hakuna ninachopendekeza kinachouondoa wimbo darasani. Lakini mtu anayeimba maneno ya mwingine hajajihatarisha. Akiacha kuimba na kutakiwa kusema sentensi yake, hofu iko palepale. Inaondoka anaposema lake akakosea, akarekebishwa bila kudhalilishwa, akasema tena. Hoja ya pili ni mtihani: wanasema karatasi za mtihani zimejaa nafasi za kujaza, kwa hiyo zoezi la wimbo ni maandalizi. Pengo la mtihani na pengo la wimbo yanafanana kwa macho tu. Mtahini anayetaka “By the time we arrived, the bus had left” anampa mtahiniwa matukio mawili na kumwachia aamue lipi lilitangulia. Hakuna sauti ya kumsaidia. Aliyezoea kungoja mwimbaji amwambie ataingia kwenye chumba cha mtihani na kukuta kimya.

Basi wimbo ufanyiwe nini? Kathleen Bardovi-Harlig, aliyefanya kazi kwa miaka mingi juu ya njeo kwa wanaojifunza Kiingereza, ameonyesha kwamba mwanafunzi wa mwanzo husimulia matukio kwa mpangilio yalivyotokea na kutegemea maneno kama “then” na “yesterday”. Maumbo ya vitenzi huja baadaye. Anapopanga hivyo hahitaji “had”, kwa maana mpangilio wenyewe unaeleza. Haja ya “had” inazaliwa pale anapoachana na mpangilio huo na kulazimika kurudi nyuma. Hapo ndipo penye kazi ya mwalimu: kuvunja mpangilio. Ruth Wajnryb alieleza mwaka 1990, katika kitabu chake Grammar Dictation, njia ambayo darasa linasikiliza matini mara mbili, linaandika maneno machache ya msingi, kisha linaijenga upya kwa makundi na kulinganisha na ya mwanzo. Njia hiyo haihitaji karatasi za kugawa. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 70 na simu moja, ni nafuu kuliko mapengo yanayotaka kuchapishwa.

Chukua wimbo mwingine wa Kenny Rogers, “Coward of the County” wa mwaka 1979, kwa darasa la watu wazima kwa sababu una ukatili ndani yake. Ami anasimulia habari za kijana Tommy, anayeitwa mwoga kwa sababu hapigani. Baba yake alifia gerezani Tommy akiwa na miaka kumi, baada ya kumwapisha mwanawe asifuate nyayo zake. Miaka inapita, wanaume watatu wanamtendea uovu mchumba wake, na Tommy anakwenda kuwakabili baani. Kwa karatasi ya mapengo, hayo ni mapengo 20 ya wakati uliopita. Kwa masimulizi, ni kazi tofauti kabisa. Mwambie mwanafunzi aanzie baani, Tommy akifunga mlango, na aeleze kwa nini watu walishangaa. Hawezi kusonga mbele bila kurudi nyuma mara mbili: alikuwa ameahidi, na mchumba wake alikuwa ametendewa. “Had promised” sasa inatoka kwa mwanafunzi mwenyewe kwa kuwa bila hiyo kisa hakieleweki. Halafu mwonyeshe jambo ambalo pengo lingelipita: vibwagizo vya mwanzo ni baba akimtaka mwanawe aahidi, na kibwagizo cha mwisho ni mwana akimjibu marehemu, na kitenzi kilekile cha kuahidi kinahama kutoka “promise” kwenda “promised”. Darasa likijadili ni nani anasema, na anasimama lini, limejadili njeo.

Hatua inayofuata itawaudhi wapenzi wa nyimbo za Kiingereza: wimbo bora wa kufanyia mazoezi ya wakati uliopita wa Kiingereza unaweza kuwa wa Kiswahili. Mwanafunzi anapousikiliza wimbo wa lugha yake, kisa anakielewa chote, anajua kila tukio lilitokea lini, na kazi pekee inayobaki ni kuamua Kiingereza kitalipaje kila tukio njeo yake. Chukua “Ndio Mzee” wa Professor Jay, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambamo mgombea anamwaga ahadi za ajabu na umati unaitikia. Wimbo umejaa wakati ujao. Waambie wanafunzi miaka mitano imepita na waandike ripoti ya jimbo hilo kwa Kiingereza. Alichosema kitakuwa “he promised that he would”. Alichofanya katika kipindi kilichofungwa kitakuwa wakati uliopita wa kawaida. Ambacho wananchi wanakisubiri hadi leo kitakuwa “he hasn’t”, na hapo “hajafanya” inajitokeza kumsaidia. Hali aliyoikuta kabla ya kuchaguliwa itadai “had been”. Mnyororo wote wa “akaja, akasema, akaondoka” utageuka wakati uliopita wa kawaida, na watauona mbele ya macho yao. Mtunzi mwenyewe, Joseph Haule, alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, na hata sentensi hiyo moja ni zoezi: kipindi kimefungwa, kwa hiyo ni “was” na haiwezi kuwa “has been”.

Kazi ya namna hii ina makosa mengi zaidi ya karatasi ya mapengo, na mwalimu anayetaka alama nzuri za Ijumaa hataipenda. Lakini makosa hayo ndiyo yanayomwonyesha mwanafunzi anafikiri nini kuhusu wakati, ilhali pengo lililojazwa sawasawa halimwonyeshi mtu chochote. Anayebaki na shaka ana njia rahisi ya kupima. Wimbo ukiisha, zima muziki, kusanya karatasi, chagua pengo moja lililojazwa vizuri na uulize: kwa nini hapa ni “had gone” na si “went”, na kingebadilika nini kama mwimbaji angesema hiyo nyingine? Mwanafunzi asiyeweza kujibu amejifunza wimbo. Si jambo baya hata kidogo. Ila asiandikiwe kwenye ripoti yake kwamba amejifunza wakati uliopita.